Waridi Moja, Majina Manne: Nasaba ya Mawaridi ya Kisasa na Jinsi Yanavyopewa Majina

Kuna waridi moja la manjano iliyopauka, lenye petali pana na kingo zinazoiva kuwa pinki kadiri ua linavyofunguka, ambalo Wafaransa hulinunua kwa jina la 'Madame A. Meilland', Wajerumani 'Gloria Dei', Waitaliano 'Gioia', na wasemaji wa Kiingereza 'Peace'. Hatuzungumzii mawaridi manne yanayofanana. Ni mmea mmoja, na kila mwaridi wa aina hiyo ulioko duniani leo umetokana na vikonyo vya mche mmoja ulioota kwenye mbegu moja. Anayekutana na hali hii kwa mara ya kwanza hudhani kwamba ni uzembe wa wauzaji, lakini majina hayo yalizaliwa kwa sababu zinazoeleweka, na ili kuzielewa ni lazima kwanza kujua jinsi waridi la kisasa lenyewe lilivyopatikana, kwa kuwa historia ya uzalishaji wake na historia ya majina yake zimefungamana tangu mwanzo.

Jenasi ya Rosa ina spishi za mwituni zaidi ya 100, zote za nusu ya kaskazini ya dunia, lakini ni chache tu kati yake zilizochangia damu katika mawaridi tunayoyaona bustanini. Ulaya ilikuwa na makundi ya kale ya Gallica, Damask, Alba na Centifolia, yenye harufu nzito na petali nyingi zilizosongamana, ambayo yalichanua mara moja tu mwanzoni mwa majira ya joto, kisha yakabaki majani na miiba hadi mwaka uliofuata. Waridi moja la jamii ya Damask, lililojulikana kwa Wafaransa kama 'Quatre Saisons', lilirudia kuchanua mwishoni mwa msimu, tena kwa ubahili. Nchini China, kwa upande mwingine, watunza bustani walikuwa kwa karne nyingi wamechagua mawaridi yenye mashina membamba na maua mepesi ambayo huchanua mfululizo muda wote wa joto. Baadhi yalikuwa na wekundu uliokolea ambao haukuchujuka kuwa zambarau kama ulivyofanya wekundu wa Ulaya, na mengine yalikuwa na manjano laini ambayo mawaridi ya kale ya Ulaya hayakuwa nayo kabisa.

Mawaridi manne ya China yaliyofika Uingereza kati ya 1792 na 1824 ndiyo yanayotajwa katika vitabu kama mababu wakuu wa mawaridi ya kisasa. Yanajulikana kama 'Slater's Crimson China', 'Parsons' Pink China', 'Hume's Blush' na 'Parks' Yellow'. Hapa ndipo mkanganyiko wa majina unapoanza, kwa maana Slater, Parsons, Hume na Parks walikuwa Waingereza walioyapokea au kuyasafirisha, na hakuna hata mmoja wao aliyeyazalisha. Yalikuwa mawaridi ya bustanini yenye wenyewe na yenye majina: lile la Parsons, ambalo wakulima wengi leo huliita 'Old Blush', kwao lilikuwa 'Yue Yue Fen', jina linalotaja rangi yake ya pinki na tabia yake ya kuchanua mwezi hadi mwezi. Wataalamu wa mimea wa Ulaya waliongeza chumvi kwenye kidonda kwa kuyaandika kwa Kilatini kama indica, ya Kihindi, ingawa yalitoka China.

Mtu angetarajia kwamba mara tu mawaridi hayo yalipofika, yangechanganywa na yale ya Ulaya na mwaka uliofuata kuwe na waridi lenye harufu ya Damask na bidii ya China. Haikuwa hivyo, na sababu yake ilikuja kufahamika vizuri katika utafiti wa jeni uliochapishwa mwaka 2012. Mwaridi una jeni iitwayo KSN ambayo kazi yake ni kuzuia utoaji wa maua; katika miwaridi inayochanua mara moja, kizuizi hicho hulegea kwa kipindi kifupi, maua yakatoka, kisha hurejea na matawi yanayofuata huzaa majani tu. Katika mawaridi ya China, kipande cha DNA kinachohamahama kiliwahi kujichomeka ndani ya jeni hiyo na kuivuruga, kwa hiyo kizuizi hakifanyi kazi na karibu kila tawi jipya huishia kwenye ua. Lakini sifa hiyo hujitokeza pale tu mmea unaporithi nakala zilizovurugika bila kuwa na hata moja nzima ya kuzifunika. Watoto wa kwanza wa ndoa kati ya China na Ulaya hupata nakala nzima kutoka kwa mzazi wa Ulaya, na nakala hiyo inatosha kuurudisha mmea katika tabia ya kuchanua mara moja. Wazalishaji wa mwanzo waliona watoto hao, wakakata tamaa na wengi wao, bila kujua kwamba walichokitafuta kilikuwa kimejificha ndani ya mimea hiyohiyo na kingetokea iwapo wangeizalisha tena yenyewe kwa yenyewe.

Tatizo la pili lilikuwa la hesabu. Mawaridi ya China yana kromosomu 14, ilhali Gallica na Damask zina 28. Mtoto wao hupata 7 kutoka upande mmoja na 14 kutoka upande mwingine, jumla 21, idadi isiyoweza kugawanyika sawasawa wakati wa kutengeneza chavua na mayai, kwa hiyo mmea huwa na afya njema na maua mazuri lakini ni tasa au karibu na tasa. Mara chache tu ajali ya mgawanyo wa seli hutoa chavua yenye seti kamili, na ni kupitia ajali hizo ndipo mlango ulipofunguka. Mawaridi mengi ya bustani za leo yana kromosomu 28.

Kwa kuwa binadamu hakuwa bado na uelewa huu, hatua za mwanzo zilipigwa na nyuki pamoja na watu wachache waliokuwa na macho. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19, mkulima wa mpunga wa Charleston, South Carolina, aitwaye John Champneys, alipata chotara kati ya 'Old Blush' na waridi lenye harufu ya miski. Jirani yake Philippe Noisette aliotesha mbegu za chotara huyo na kumpelekea ndugu yake mwenye kitalu mjini Paris, na kundi lote likaitwa Noisette. Champneys, aliyelianzisha, aliachiwa jina la waridi moja tu. Katika kisiwa cha Bourbon kwenye Bahari ya Hindi, ambacho sasa ni Réunion, wakulima walizungushia mashamba yao nyua za miwaridi ya aina mbili, ya China na ya 'Quatre Saisons', na kati ya nyua hizo ukaota mche ambao haukufanana na upande wowote. Mbegu zake zilipelekwa Ufaransa mwaka 1819, na kundi lililotokana nazo likabeba jina la kisiwa. Baadaye makundi haya yalichanganywa tena na tena hadi likapatikana lile lililoitwa Hybrid Perpetual, jina linaloahidi maua ya kudumu, ingawa sehemu kubwa ya mawaridi hayo ilichanua kwa nguvu mara moja na kisha kutoa ua hapa na pale. Ukweli ni kwamba jina la kundi la mawaridi limekuwa la kibiashara tangu zamani.

Mwaka 1867 Jean-Baptiste Guillot wa Lyon alileta sokoni waridi la pinki yenye mng'ao wa fedha, lenye chipukizi refu lililochongoka, akaliita 'La France'. Leo waridi hili huhesabiwa kuwa la kwanza katika kundi la Hybrid Tea, na mwaka 1966 Chama cha Waridi cha Marekani kiliuchukua mwaka wake kuwa mpaka: makundi yaliyokuwepo kabla ya 1867 ni mawaridi ya kale ya bustani, na yaliyoanza baadaye ni ya kisasa. Mpaka huo unafaa kwa maonyesho na mashindano, lakini usipewe uzito kuliko unaostahili, kwa kuwa Guillot mwenyewe hakuwa na uhakika wa wazazi wa ua lake, kundi la Hybrid Tea halikuwepo siku lilipozinduliwa, na 'La France', likiwa na kromosomu 21, halikuacha uzao wa maana. Ni baba wa ukoo kwa heshima zaidi kuliko kwa damu.

Aliyeligeuza jambo hili kuwa kazi ya makusudi ni Henry Bennett, mkulima na mfugaji wa ng'ombe kutoka Wiltshire, Uingereza. Alipowatembelea wazalishaji wa Ufaransa katika miaka ya 1870 alikuta wengi wao wakipanda miwaridi karibu karibu, wakiwaachia wadudu kazi ya kuchavusha na kuokota mbegu bila kujua baba. Mfugaji aliyezoea kuandika dume na jike wa kila ndama hakuweza kuridhika na utaratibu huo. Alichavusha kwa mkono ndani ya kitalu nyumba kilichopashwa joto, akaweka kumbukumbu, na mwaka 1879 akatoa mawaridi 10 aliyoyatangaza kwa nasaba zao, akiyaita machotara wa kundi la Tea, ambalo ni lile lililotokana na mawaridi ya China yenye harufu iliyolinganishwa na chai. Hapo ndipo jina Hybrid Tea lilipopata miguu.

Utaratibu wake haujabadilika sana. Ua litakalokuwa mama huchaguliwa likiwa bado chipukizi linalokaribia kufunguka, maana likishafunguka nyuki huwa wametangulia. Petali hung'olewa moja baada ya nyingine, kisha stameni zote hukatwa kwa mkasi mdogo kabla chavua yake haijakomaa, hata katikati ya kikombe cha ua kibaki kichaka kifupi cha stigma peke yake. Sehemu hiyo hufunikwa kwa mfuko wa karatasi hadi siku inayofuata, stigma zinapoanza kunata, ndipo chavua ya baba hupakwa kwa brashi laini au kwa ncha ya kidole, mfuko hurudishwa, na kibandiko chenye majina ya wazazi wote wawili hufungwa kwenye kikonyo. Tunda huchukua miezi kadhaa kuiva, na mbegu zake huhitaji kukaa kwenye baridi na unyevu kabla ya kuota. Kila mbegu ni mtu wake: ndugu wa tunda moja wanaweza kutofautiana kwa rangi, kimo, harufu na afya. Makampuni makubwa huotesha maelfu kwa maelfu ya miche kila mwaka, hung'oa karibu yote, na hukaa miaka 8 au zaidi yakiitazama iliyobaki kabla ya kuamua kwamba mmoja unastahili jina. Ukishastahili, hauzalishwi tena kwa mbegu. Jicho moja lenye kipande cha gome hubanduliwa kwenye tawi lake na kuchomekwa chini ya gome la shina la mwaridi mwingine unaotoa mizizi, lililochanjwa kwa umbo la herufi T, na kila jicho lililoshika ni mwili uleule wa mche wa kwanza.

Hybrid Tea za mwanzo zilikuwa nyeupe, pinki na nyekundu, na manjano kali ilikuwa ndoto. Joseph Pernet-Ducher wa Lyon aliitafuta kwa kuchavusha Hybrid Perpetual kwa Rosa foetida ya Uajemi, spishi yenye manjano ya kuumiza macho, chavua dhaifu, na harufu iliyowafanya wataalamu waipe jina la kitu kinachonuka vibaya. Majaribio aliyoyaanza katika miaka ya 1880 yalizaa 'Soleil d'Or', iliyotolewa mwaka 1900, na kutoka humo yakaja mawaridi ya manjano, ya machungwa na ya rangi mbili kwa pamoja, yakapewa kundi lake, Pernetiana. Kundi hilo halipo tena. Lilichanganywa na Hybrid Tea kiasi kwamba katika miaka ya 1930 hapakuwa na maana ya kulitenga, jina likafutwa na damu ikabaki, pamoja na udhaifu wake: majani ya mzazi yule wa Uajemi hushambuliwa vibaya na ugonjwa wa madoa meusi, na mkulima anayepambana na ugonjwa huo kwenye mawaridi yake ya manjano leo anapambana kwa sehemu na urithi wa mwaka 1900. Pernet-Ducher alitarajia kuwarithisha kitalu wanawe wawili, Claudius na Georges, lakini wote waliuawa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1920 alitoa waridi la manjano safi akaliita 'Souvenir de Claudius Pernet'.

Waridi hilo la kumbukumbu ya mwanajeshi limo katika nasaba iliyoandikwa ya lile lenye majina manne. Francis Meilland, kijana wa familia ya wakulima wa waridi karibu na Lyon, alichavusha mwaka 1935, na mche aliouteua aliuandika kwenye daftari kama 3-35-40, namba ambayo ndani yake 35 ni mwaka. Mwaka 1939, vita vikiwa mlangoni, vikonyo vyake vilikwisha kupelekwa kwa washirika wa kibiashara Ujerumani, Italia na Marekani. Kisha mipaka ikafungwa. Kila aliyepokea vikonyo alivipandikiza, akaona alichonacho, na akalazimika kukipa jina bila kuweza kumwuliza mwenyewe. Mjerumani alichagua Utukufu wa Mungu, Mwitaliano akachagua Furaha. Huko nyumbani Meilland alilitoa mwaka 1942 kwa jina la marehemu mama yake, Claudia, kwa desturi ya wakati huo ya kumtaja mwanamke kwa jina la mumewe, yaani Bibi Antoine Meilland. Kampuni ya Marekani ya Conard-Pyle ililizindua Pasadena, California, tarehe 29 Aprili 1945, wakati vita vya Ulaya vikiwa katika siku zake za mwisho, na ikaliita Amani. Muda mfupi baadaye, wakuu wa ujumbe waliokutana San Francisco kuunda Umoja wa Mataifa walipewa kila mmoja ua lake. Sidhani kama kuna tangazo la biashara ya maua lililowahi kulifikia hilo, na si ajabu kwamba jina la Marekani ndilo lililotapakaa zaidi, ingawa la mama ndilo lililotangulia.

Kutangulia kuna uzito wake. Kanuni ya kimataifa ya majina ya mimea ilimwayo, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1953, inataka kila aina ya bustanini iwe na jina moja rasmi, liandikwe ndani ya alama moja moja za nukuu, na lililotangulia kuchapishwa ndilo lipewe kipaumbele. Orodha ya kimataifa ya mawaridi hutunzwa na Chama cha Waridi cha Marekani. Ndiyo maana vitabu makini huliandika waridi letu kama Rosa 'Madame A. Meilland' na kulichukulia 'Peace' kuwa jina la kuuzia. Tofauti hiyo kati ya jina rasmi na jina la kuuzia ndiyo ufunguo wa mambo yote yanayoonekana leo kwenye vibandiko.

Sababu yake ni sheria. Mwaka 1930 Marekani ilipitisha sheria ya kutoa hataza, yaani haki ya pekee ya mvumbuzi kwa muda maalumu, kwa mimea, na hataza ya kwanza, ya mwaka 1931, ilimwendea Henry Bosenberg kwa waridi 'New Dawn'. Kwa kejeli fulani, mmea huo haukutokana na uchavushaji wa mtu yeyote: ulikuwa tawi la 'Dr. W. Van Fleet', waridi linalotambaa na kuchanua mara moja, lililobadilika lenyewe na kuanza kuchanua mfululizo. Mapato ya hataza yalimsaidia sana Meilland, naye akawa mtetezi wa haki kama hizo Ulaya. Alifariki mwaka 1958, na mkataba wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea ukasainiwa Paris mwaka 1961. Chini ya mfumo huo, jina rasmi ni la wote. Haki ya mzalishaji ikiisha muda wake, yeyote anaweza kuuza mmea kwa jina hilo. Alama ya biashara, kinyume chake, huweza kusajiliwa upya bila kikomo. Makampuni yalifanya hesabu ya wazi: yakatoa jina rasmi lisilotamkika na ambalo hakuna mteja atakayelikumbuka, na kuuhifadhi utamu wote katika jina la kuuzia.

Chukua kibandiko cha waridi jeupe lililoenea bustanini kote lililoandikwa ICEBERG na chini yake, kwa herufi ndogo, 'KORbin'. Herufi tatu za kwanza ni za Kordes, familia ya Ujerumani iliyolitoa mwaka 1958. Zilizobaki hazina maana yoyote. Kwa Wajerumani waridi hilo ni 'Schneewittchen', kwa Wafaransa 'Fée des Neiges', lakini KORbin ni KORbin kila mahali. Vivyo hivyo MEI ni Meilland, TAN ni Tantau, na AUS ni David Austin wa Uingereza, ambaye waridi lake la manjano 'Graham Thomas' la mwaka 1983 ni AUSmas. Anayetaka kuhakikisha kwamba hanunui mara ya pili waridi ambalo tayari analo aliache jina kubwa na kusoma lile dogo.

Jina kubwa, kwa vyovyote, lina uhuru wa mshairi. Waridi TANnacht linauzwa kama 'Mainzer Fastnacht' Ujerumani, kwa heshima ya sherehe za mji wa Mainz, na kama 'Blue Moon' kwa wasemaji wa Kiingereza, ingawa ua lenyewe ni la zambarau iliyofifia. Mawaridi hayana uwezo wa asili wa kutengeneza delfinidini, rangi inayozifanya maua mengi yawe ya buluu, na uchavushaji wa mkono hauwezi kuleta jeni ambayo hakuna mwaridi wowote unayo. Kampuni ya Suntory ya Japani iliiingiza kwa uhandisi jeni, ikiichukua kutoka kwenye ua jingine, na waridi lililotokana na kazi hiyo, 'Applause', liliuzwa kuanzia mwaka 2009. Nalo pia, kwa macho ya wengi, ni la zambarau.

Linabaki kundi la miwaridi iliyopoteza vibandiko vyake, iliyosalia makaburini, kando ya barabara na kwenye viwanja vilivyohamwa. Huko Texas wapenzi wa mawaridi wamekuwa wakichukua vipandikizi vya mimea hiyo na kuipa majina ya muda ya mahali ilipookotwa, yakiandikwa ndani ya alama mbili mbili za nukuu ili msomaji ajue kwamba bado hayajathibitishwa. Mmoja wao, "Katy Road Pink", ulisambaa kutoka bustani hadi bustani kama waridi la kale lisilojulikana, hadi ilipobainika kwamba ni 'Carefree Beauty', waridi lililozalishwa na profesa Griffith Buck wa Iowa na kuuzwa tangu mwaka 1977 na Conard-Pyle, kampuni ileile ya 'Peace', likiwa na jina rasmi BUCbi. Vitalu kadhaa vinaendelea kuliuza kwa jina la barabara.